Nani Anamsikiliza? Kuusoma Wasiwasi wa Wahusika wa Kiume katika Fasihi ya Sekondari

Mwalimu yeyote aliyesahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu sifa za wahusika anaifahamu orodha hii: Ridhaa ni mvumilivu, Majisifu ni mwizi, Yona ni mlevi, Liyongo ni jasiri. Majibu haya si makosa, na mwongozo wa kusahihisha utayapa alama. Hata hivyo, ukiyasoma mengi kwa pamoja utagundua kwamba mhusika wa kike huruhusiwa kuogopa, kusononeka na kufadhaika, ilhali mhusika wa kiume hupewa jina la tendo lake tu. Akinywa, ni mlevi. Akipiga, ni katili. Akinyamaza, ni mvumilivu. Kile kilichomfanya anywe, apige au anyamaze hakipati nafasi katika jibu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wasiwasi wa mwanamume umejaa tele katika fasihi tunayofundisha, ila mara chache husemwa kwa jina lake. Tunapendekeza njia moja ya kuusoma: badala ya kuuliza tu mhusika ana sifa gani, tuulize anazungumza na nani. Tutaona kwamba hatima ya mhusika mwenye hofu hutegemea sana kama yupo mtu wa kumsikiliza, na kama msikilizaji huyo ni wa kuaminika.

Mnong'ono na majina yake

Neno wasiwasi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kunong'oneza. Katika sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, mnong'onezaji ndiye yule anayetia shaka vifuani mwa watu. Asili hii inatufaa sana sisi wahakiki. Wasiwasi, basi, tayari ni usemi. Ni maneno, isipokuwa yanasikiwa na mtu mmoja peke yake. Kiswahili kina maneno mengine ya jirani: jakamoyo, fadhaa, mashaka, kihoro, na dukuduku. Hili la mwisho lina tabia ya pekee kwa kuwa huandamana na kitenzi cha kutoa. Dukuduku hukaa moyoni likisubiri kutolewa, na anayelitoa lazima awe na wa kumtolea.

Lugha hiyohiyo ina kufuli zake. Kijana akilalamika huambiwa ajikaze kisabuni. Mtu mzima aliyefilisika husifiwa kwa kufa na tai shingoni. Lakini wahenga hawakuwa upande mmoja: waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakubagua jinsia ya mgonjwa. Mwalimu anapofundisha methali anaweza kuziweka kauli hizi pamoja na kuwaachia wanafunzi mjadala. Kwa uzoefu wangu, mjadala huo hauishi kipindi kikiisha.

Wanaume wenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, hawasemi "nina wasiwasi". Husema "nina mawazo", au "mambo ni mengi", au hulalamikia kichwa na usingizi. Waandishi wetu wanajua hivyo. Ndiyo maana hofu ya mhusika wa kiume huanza mwilini kabla ya kufika kinywani: moyo kwenda mbio, jasho, mikono isiyotulia, njaa iliyopotea. Mwanafunzi akifundishwa kuzitambua ishara hizi, atakuwa amepata pa kuanzia.

Liyongo anamwambia mwanawe

Inafaa tuanze na shujaa mwenyewe, kwa sababu mwanafunzi hukutana naye mapema katika visakale vya fasihi simulizi, tena kama kielelezo cha uanaume usiotikisika. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ana adui mmoja mkubwa, naye ni mfalme wa Pate anayetaka kumwua. Anapofungwa gerezani hapigi kelele za kuomba msaada. Anatunga wimbo na kumpa kijakazi Saada aupeleke kwa mama yake. Ndani ya wimbo mna fumbo: mama aoke mkate, na ndani yake afiche tupa ya kukatia pingu. Wanaousikia hawaelewi. Mama anaelewa.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza ya usemi wa mwanamume katika mapokeo yetu. Shida husemwa kwa fumbo, nalo fumbo humchagua msikilizaji wake.

Baadaye mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anatumwa kumwuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo anashuku kwamba mwanawe ametumwa, lakini anamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, na anafia hapo akiwa ameupinda uta. Watu wanashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kumdhania yu hai. Mama yake anaitwa kumbembeleza atulie, bila yeye wala wao kujua kwamba wanambembeleza maiti.

Tumezoea kufundisha kisa hiki kama kisa cha usaliti. Ni kweli, lakini kina funzo jingine ambalo wavulana hulipokea bila kuambiwa: mwanamume alisema udhaifu wake mara moja tu, kwa mtu wa karibu kuliko wote, naye akafa kwa kusema. Tusiwalaumu wanaume kwamba wanakaa kimya kwa ujinga. Mapokeo yamewaonya kwamba siri ya hofu ni silaha, na anayeikabidhi kwa mwingine amemkabidhi sindano. Na hata anapokufa, shujaa anaendelea kuonekana kama mtu aliye tayari kupigana. Sidhani kuna taswira nyingine katika fasihi ya Kiswahili inayoeleza vizuri zaidi maana ya kujikaza.

Wanaozungumza na nafsi zao

Kama binadamu hawaaminiki, pamebaki nani? Katika Al-Inkishafi, utenzi wa karne ya kumi na tisa, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauambia moyo wake. Anayatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na wageni na sasa ni makao ya popo, na kuukanya moyo usidanganyike na dunia. Huu ni utenzi wa dini, lakini pia ni mazungumzo ya mtu mzima mwenye hofu ya kifo, aliyejigawa nafsi mbili ili mmoja awe msemaji na mwingine awe msikilizaji.

Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi? Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za msalani, nayo yakatolewa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Jina hilo halifichi. Dhiki imepewa sauti. Ni vyema kuwakumbusha wanafunzi kwamba katika mwambao wa Mombasa na Lamu shairi lilikuwa barua. Mtu alituma swali au lalamiko kwa beti, na mwenzake akajibu kwa bahari na vina hivyohivyo. Mwanaume aliyeona haya kusema "nimeemewa" mbele ya wenzake aliweza kulisema kwa mizani kumi na sita, wakamsifu kwa ufundi huku wakimsikia. Arudhi ilimsitiri.

Euphrase Kezilahabi aliliondoa sitara hiyo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayesimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza. Anafikiri bila kukoma kuhusu uhai, kifo na Mungu. Msomaji anajua kila pembe ya kichwa chake. Lakini tukiuliza ni mhusika gani mwingine anayeyajua hayo kwa kiasi hicho, jibu ni hakuna. Hata Sabina, mkewe, yuko nje ya mlango. Usimulizi wa nafsi ya kwanza hapa una kinaya kikali: unampa msomaji kila kitu na kuwanyima wahusika kila kitu. Kazimoto anajiua. Wahakiki wengi wameyaeleza haya kwa falsafa ya udhanaishi, na sina ugomvi nao, ila nadhani darasani tumeikimbilia falsafa hiyo haraka mno. Kabla ya udhanaishi kuna kijana mwenye maneno mengi asiye na wa kumwambia.

Kuhusu kufundisha kifo cha namna hii, mwalimu mwenzangu atajua kwamba ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani limekuwa likionyesha kwamba duniani kote wanaume hufa kwa kujiua mara mbili na zaidi kuliko wanawake. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mpaka mwaka huo, basi, mtu aliyenusurika aliweza kutoka hospitalini akaelekea kizimbani. Kufuli hilo halikuwa la methali, lilikuwa la sheria.

Chupa kama msikilizaji

Vitabu vilivyoteuliwa kwa shule zetu vimejaa walevi, na sitawataja wote. Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea (2012) cha Ken Walibora ameuiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Anaishi akiogopa kufichuliwa, anawaonea haya watoto wake walemavu, na anakunywa. Yona wa Bembea ya Maisha cha Timothy Arege ni mwalimu pia, na ulevi wake unatokana na masimango ya jamii kuhusu kukosa mtoto wa kiume. Sara, mkewe, ndiye anayelipa kwa mwili na moyo wake.

Hapa mwalimu anahitaji uangalifu. Kueleza chanzo cha kipigo si kukitetea, na mwanafunzi lazima atofautishiwe mambo hayo mawili. Yona ana hofu, na pia Yona anampiga mkewe. Lakini tukiishia kwenye neno "mlevi" hatuoni kwamba wale wanaomcheka Yona ndio haohao ambao angepaswa kuwaambia yanayomsibu. Jamii imemletea wasiwasi na wakati huohuo imemzibia masikio. Chupa haicheki wala haimtangazi mtu. Ila haijibu.

Ridhaa magofuni

Chozi la Heri (2014) cha Assumpta Matei, kilichotahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa kuanzia 2018, kinafungua kwa Ridhaa akiwa kwenye mabaki ya nyumba yake. Ghasia za baada ya uchaguzi zimeteketeza jamaa yake, na aliyehusika na moto huo ni jirani, Mzee Kedi. Ridhaa ni daktari, mtu wa kutibu wengine. Anapambana na machozi, na hapo anakumbuka mafundisho ya mamake kwamba machozi ya mwanamume hayafai kuonekana. Mwandishi ameliweka fundisho hilo katika kurasa za kwanzakwanza kwa makusudi. Jina la kitabu ni chozi, na mtu wa kwanza tunayemkuta ni mwanamume aliyekatazwa chozi.

Ajabu ni kwamba mama huyohuyo, Ridhaa alipokuwa mtoto, alimliwaza aliporudi nyumbani akilia. Wenzake shuleni walikuwa wamembagua na kumwita mfuata mvua, akaapa kwamba harudi. Mama hakumfokea. Alimtuliza na kuahidi kusema na mwalimu. Kwa hiyo Ridhaa amelelewa na mafundisho mawili kutoka kinywa kimoja: usilie, na njoo uniambie. Mwanafunzi makini akiulizwa kama mama huyu anajikanganya, atakuwa na mengi ya kusema. Mimi naona hajikanganyi. Anampa mtoto faragha, kisha anamfunza kwamba nje ya faragha hiyo dunia haina huruma. Tatizo linakuja pale faragha yenyewe inapoteketea kwa moto.

Kinachomwokoa Ridhaa ni watu. Katika kambi ya wakimbizi wa ndani, Msitu wa Mamba, anakuwa mmoja kati ya wengi waliopoteza. Yumo Kaizari, ambaye mabinti zake walitendewa unyama, naye ana simulizi yake. Huzuni ya Ridhaa haipungui kwa kukutana na ya Kaizari, ila haimtengi tena. Ukiwa umeketi na mtu ambaye naye amekosa usingizi, huhitaji kueleza kwa nini hulali.

Kisha kuna Mwangeka, mwanawe, aliyekuwa Mashariki ya Kati katika kikosi cha kudumisha amani wakati familia ilipoangamia. Wanakutana tena uwanja wa ndege, wanaume wawili waliosalia katika nyumba moja. Msiba unasemwa kati ya baba na mwana. Hapa ndipo ninapowaomba walimu waiweke riwaya hii kando ya Utendi wa Fumo Liyongo. Huko baba alimwambia mwana penye jeraha lake, na mwana akachukua sindano. Hapa baba anamwonyesha mwana jeraha lake, na mwana analo hilohilo. Mwangeka baadaye anajenga makao mapya palepale penye magofu, na baada ya muda anamwoa Apondi, mjane, na kumlea Umu kama bintiye. Ridhaa alisema bila kuchomwa.

Mwandishi ametupa na mfano wa kupimia. Lunga, babake Umu, anapoteza kazi, anapoteza shamba, kisha Naomi mkewe anaondoka. Hana Kaizari wala Mwangeka. Watoto anao, lakini ni wadogo wa kulelewa, si wa kuelezwa. Hadumu. Ridhaa na Lunga wote ni waungwana, wote wamesoma, wote wamedhulumiwa. Mwanafunzi anayejibu kwamba Lunga ni dhaifu na Ridhaa ni jasiri ameukosa msingi wa riwaya.

Darasani Lopur

Ninafundisha Lopur, Turkana Magharibi, si mbali na Kakuma. Wanafunzi wetu ni watoto wa wafugaji, na baadhi walikulia katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika Pembe ya Afrika, na mnamo Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mizoga ya mifugo kando ya barabara ya Lodwar haikuwa habari ya gazeti kwetu. Kwa mfugaji, kupoteza ng'ombe si kupoteza mali tu. Mwanamume wa Kiturkana ana dume lake alipendalo, na huitwa kwa jina la dume hilo, jina linaloanza kwa Apa-, yaani baba. Humtungia dume wimbo, na katika wimbo huo husema mambo ambayo hayasemi akiwa ameketi kwenye kigoda chake chini ya mti wa wanaume. Wadinka nao wana desturi inayokaribiana na hiyo, na wanafunzi wanaotoka Sudan Kusini huitambua papo hapo.

Chini ya mti wa wanaume hofu huja ikiwa imevaa nguo za shughuli. Mzee hasemi anaogopa uvamizi. Anauliza njia ya kwenda malishoni ikoje. Hasemi kwamba hajui watoto watakula nini. Anauliza bei ya mbuzi Kakuma. Wanaomsikiliza wanaelewa na kujibu kwa lugha ileile. Tukiwaeleza vijana wetu kwamba jamii zao hazikuwahi kuwa na njia ya wanaume kusema hofu, tutakuwa tumewadanganya. Njia ilikuwepo. Lakini dume akifa kwa kiu, wimbo unabaki bila pa kukaa, na kijana anayekaa mjini Lodwar akitafuta kibarua hana mti wa kuketi chini yake.

Nimeona inafaa kufundisha Al-Inkishafi au Chozi la Heri baada ya kuwaomba wanafunzi waeleze, kwa Kiswahili, nyimbo za madume za kwao. Si kuziimba, maana nyingine ni za mwenyewe, bali kueleza mwimbaji anamwambia nani. Baada ya hapo Sayyid Abdalla kuuambia moyo wake hakuwi kioja tena.

Tahadhari moja. Somo hili lisigeuzwe kuwa kikao cha kuungamisha watoto. Si kila kijana anayeandika kuhusu baba mlevi anamwandika babake. Mjadala ubaki kwa Yona na Lunga. Ndiyo faida ya mhusika wa kubuni: anaweza kuchunguzwa mbele ya watu arobaini bila kuaibika. Hata hivyo, insha nyingine humfanya mwalimu aiweke kando kalamu nyekundu. Hapo alama zisubiri. Mwandishi aitwe faraghani, asikilizwe bila kuhojiwa, na mwalimu wa ushauri nasaha ajulishwe siku hiyohiyo.

Katika mtihani wa ndani swali ninalolitumia ni hili: "Kwa kurejelea Utendi wa Fumo Liyongo na Chozi la Heri, linganisha wasikilizaji wa wahusika wakuu wa kiume. (Alama 20)." Wengi hulinganisha mtoto wa Liyongo na Mwangeka, kama nilivyotarajia. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba msikilizaji wa kweli wa Liyongo ni mama yake: gerezani aliufumbua wimbo akaficha tupa mkatoni, na kisimani aliitwa kumbembeleza mwanawe, ila safari hii aliitwa akiwa amekwisha kufa. Hoja hiyo haikuwemo katika mwongozo wangu wa kusahihisha. Niliiongeza kwa mkono pembeni, alama nne.